Posa ya Ngao katika Lugha ya Kireno

Makala haya yanakusudia kueleza shida moja ya tafsiri, nayo ni jinsi ya kusema kwa Kireno yale ambayo Kiswahili husema kwa neno posa. Mfano uliochaguliwa ni wa Ngao, kijiji cha Wapokomo kilicho kando ya Mto Tana, sehemu za Garsen nchini Kenya. Posa inayozungumzwa hapa ni ile inayopangwa na wazee wa pande mbili, siyo ahadi ambayo vijana wawili wamepeana wenyewe faraghani.

Huenda msomaji akauliza Ngao na Kireno vimekutana wapi. Kwa hakika havikukutana. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593, na nguvu zao zikafika Pate na Lamu. Lakini lugha yao haikupanda mto na kukaa katika vijiji vya Wapokomo. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walioweka makao Ngao walikuwa wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen, waliofika mwaka 1887. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, ndiye aliyeandika sarufi na orodha za maneno ya Kipokomo katika miaka ya 1890. Kwa hiyo desturi za ndoa za mto huo zilianza kuelezwa kwa wageni kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza. Kwa Kireno kazi hiyo ingali changa.

Hata hivyo ni kazi isiyoweza kuahirishwa. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika iliifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Tangu hapo mfasiri hana tena haki ya kupitia Kiingereza kila anapotoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Maputo au Luanda. Na maneno ya ndoa si maneno ya vitabu tu. Huandikwa katika barua za ukoo, katika maelezo ya mashahidi, katika karatasi za uhamiaji. Mtu akiandikiwa neno lisilo lake katika karatasi ya namna hiyo, neno hilo humfuata.

Maneno yaliyovuka na yasiyovuka

Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wataalamu huziweka lugha hizi mbili, pamoja na za Mijikenda na za Komoro, katika kundi moja la Sabaki. Mkazi wa Ngao husema Kipokomo nyumbani na Kiswahili sokoni, kanisani na mbele ya wageni, na posa inapovuka mpaka wa kabila huzungumzwa kwa Kiswahili. Wapokomo wa sehemu za chini aghalabu ni Wakristo, na wa sehemu za juu aghalabu ni Waislamu. Hivyo neno posa katika eneo la Garsen hubeba mambo matatu kwa pamoja: mila ya ukoo, sheria ya Kiislamu na utaratibu wa kanisa.

Ukiyatazama maneno ya ndoa ya Kiswahili utaona jambo la kustaajabisha kidogo. Vitenzi vikuu, kama vile oa, olewa na posa, ni vya Kibantu. Majina mengi, kama vile harusi, mahari, nikaha, walii na talaka, yametoka katika Kiarabu. Kireno, ambacho kiliipa Kiswahili maneno kama meza, bendera, mvinyo, kasha, foronya na gereza, hakikuleta hata neno moja la ndoa. Sababu si ngumu kuiona. Wareno na wenyeji walifanya biashara na vita, lakini ndoa zao zilitenganishwa na dini. Palikuwa na ndoa zilizovuka, kama ile ya Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, akaoa huko mwanamke Mkristo wa jamii ya Wareno kabla ya kurudi kutawala mwaka 1626. Mwaka 1631 aliwaasi Wareno na kuitwaa Ngome. Ndoa ya aina hiyo haikuwa shule ya kufundishia msamiati.

Lakini neno moja liliingia kwa mlango wa nyuma. Leso limetokana na lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Pwani ya Kenya leso ni vazi la mwanamke, na ni zawadi isiyokosekana katika shughuli za posa na harusi. Nako Ureno, hasa katika jimbo la Minho kaskazini, msichana alikuwa akitarizi kitambaa kwa maneno ya mapenzi akampa kijana. Kijana akikivaa hadharani, watu walijua kwamba amekubali. Vitambaa hivyo huitwa lenços de namorados. Ni neno lilelile, nalo katika nchi zote mbili limeshikwa na mambo ya uchumba, ijapokuwa hakuna aliyemwiga mwenzake. Mfasiri na aangalie: leso ya mama wa Ngao haiwezi kuandikwa lenço, kwani Mreno ataona kitambaa cha kupengea kamasi. Msumbiji neno capulana ndilo litakaloeleweka, ingawa nalo lina historia yake na haliwi na methali iliyochapwa kama ilivyo desturi ya leso.

Nani aliyeomba?

Shida kubwa ya posa katika Kireno si msamiati bali ni sarufi. Kiswahili huonyesha kwa viambishi vya kitenzi nani ametenda, nani ametendewa na kwa ajili ya nani. Kijana amemposa binti. Binti ameposwa. Baba amemposea mwanawe. Kitenzi ni kimoja, na katika kila sentensi watu wanaohusika wamepangwa upya pasipo kuongeza neno.

Kireno hakina kitenzi kimoja cha kufanya kazi hiyo. Msemo wa kawaida ni pedir em casamento, kuomba katika ndoa, au pedir a mão, kuomba mkono. Sentensi ya kwanza basi itakuwa O rapaz pediu a rapariga em casamento. Ya tatu itahitaji kihusishi ili jambo lisipotee: O pai pediu a rapariga em casamento para o filho. Kihusishi para ndicho kinachobeba mzigo wa kiambishi -e- cha posea. Kikiachwa, baba mwenyewe anakuwa mwoaji, na kosa la namna hiyo si la kuchekesha panapokuwa na karatasi ya mahakama.

Jambo hilohilo laonekana katika oa na olewa. Kiswahili hutofautisha mwanamume na mwanamke. Kireno husema casar-se com kwa wote wawili. Hasara hiyo ni ndogo. Lakini Kireno kina matumizi mengine ya casar ambayo mfasiri wa Kiswahili hufurahi kuyapata, yaani pale kitenzi kinapochukua yambwa: O pai casou a filha com o vizinho. Hapo baba ndiye mtendaji, na maana yake ni kwamba amemwozesha binti yake kwa jirani. Wareno wa leo hulitumia tamko hili kwa nadra kuliko babu zao, kwa kuwa ndoa za kupangwa zimepungua kwao, lakini sarufi bado inakumbuka. Waweza pia kusema deu a filha em casamento, alimtoa binti katika ndoa.

Rapariga, lililotumiwa hapo juu, ni neno la heshima Ureno na Msumbiji, maana yake msichana. Huko Brazili, hasa kaskazini mashariki, ni tusi: humaanisha malaya. Mfasiri asiyejua ni nani atakayesoma andiko lake aandike moça, au afadhali a filha, binti, ambalo halina lawama popote. Vivyo hivyo posa iliyokubaliwa ni pedido aceite kwa Mreno na Mwafrika, na pedido aceito kwa Mbrazili.

Ameposwa ni neno gumu kuliko yote. Katika mazungumzo ya kawaida laweza kumaanisha kwamba posa imeletwa na bado haijajibiwa, au kwamba imeletwa na kupokewa. Wazee wa Ngao hawapati taabu, kwa sababu kila mmoja anajua shughuli imefika wapi. Kireno hulazimisha uamuzi. Foi pedida em casamento ni ameombwa tu. Foi prometida ni kwamba wakubwa wake wamekwisha kutoa ahadi. Está noiva ni kwamba yeye mwenyewe ni mchumba wa mtu na watu wanalijua hilo. Ni hatua tatu tofauti, na kati ya ya kwanza na ya tatu pana maisha ya mtu. Mfasiri asiyejua ni ipi hana budi kuuliza. Asipopata wa kumuuliza achague ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayodai machache.

Wakristo wa Ngao wana kipimo kizuri cha jambo hili katika Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, mahali panapoelezwa hali ya Mariamu na Yusufu. Biblia ya Kiswahili hutumia kitenzi cha kuposwa. Tafsiri ya João Ferreira de Almeida, ambayo Agano lake Jipya lilichapwa Amsterdam mwaka 1681, imezoeza wasomaji wa Kireno neno desposada, na tafsiri za siku hizi hupendelea prometida em casamento. Desposada ni neno zuri lakini limezeeka. Mtu akilitumia katika barua ya leo ataonekana kama anahubiri.

Noivo na mchumba

Kamusi nyingi zitatoa noivado kwa uchumba na noivo au noiva kwa mchumba. Si makosa, ila hayatoshi. Noiva katika Kireno ni mchumba siku ya kuvishwa pete, na ni bibi harusi siku ya harusi, na pengine huitwa hivyo hata siku chache baadaye. Kiswahili hubadilisha jina mtu anapovuka kizingiti, Kireno hakibadilishi. Mwandishi wa Kireno akisema a noiva chegou, mfasiri kwenda Kiswahili lazima atazame kalenda.

Upande wa pili pia una mtego. Vijana wa mijini siku hizi hutumia mchumba kwa mpenzi ambaye hata wazazi hawajamsikia. Huyo kwa Kireno ni namorado au namorada, na hali yao ni namoro. Tofauti baina ya namoro na noivado ndiyo hasa tofauti ambayo mzee wa Ngao anaitaka: kabla ya posa hakuna uchumba, kuna mazoea. Katika jambo hili Kireno kinamfaa mzee kuliko Kiswahili cha mjini.

Kisha kuna mshenga. Kamusi humpa jina la casamenteiro, na kosa hilo limeenea. Casamenteiro ni mtu anayependa kuwatafutia watu wachumba. Lisboa humwita hivyo hata Mtakatifu Antonio, ambaye sikukuu yake ni tarehe 13 Juni. Mshenga hatafuti mtu. Ameshapewa jina na ujumbe, na kazi yake ni kuufikisha kwa maneno yasiyowaaibisha wanaotuma wala wanaopokea. Emissário da família ndilo tamko linalomkaribia. Neno alcoviteira, ambalo baadhi ya orodha za maneno hulitaja, lisikaribiwe kabisa, kwa maana ni kuwadi. Angola na Msumbiji msemaji wa ukoo mara nyingi ni mjomba, na Kireno cha tio hakitofautishi mjomba na baba mdogo. Yapasa iandikwe tio materno, kwa sababu katika mambo ya posa mjomba na baba mdogo hawakalii kigoda kimoja.

Mshenga husema kwa mafumbo. Hasemi anataka mke. Anasema kijana wao anatafuta jiko. Mreno anaomba mkono, Mswahili anaomba jiko, na kila mmoja akitafsiriwa neno kwa neno huonekana mwehu. Pediu a mão ndiyo tafsiri ya haki ya kuomba jiko, kwa kuwa fumbo limekutana na fumbo lililozoeleka vilevile.

Angola ina msaada zaidi kwa mfasiri kuliko Ureno yenyewe. Huko pedido, licha ya kuwa ni ombi, ni jina la shughuli nzima: wakubwa wa kijana huenda nyumbani kwa binti, na barua huletwa na kusomwa. Barua hiyo ni carta de pedido. Barua ya posa iliyotoka Garsen haiwezi kupata jina lililo bora. Shughuli ya kutoa mali huko huitwa alambamento, neno lililotoka katika lugha za Kibantu za nchi hiyo, nalo limeingia katika Kireno cha magazeti na vitabu.

Mahari si dote

Hapa ndipo tafsiri mbaya zinapozaliwa kwa wingi. Neno la kwanza linalomjia mfasiri ni dote. Lakini dote, katika sheria na desturi za Ureno, ilikuwa mali iliyotoka kwa wazazi wa mwanamke ikaingia katika nyumba mpya pamoja naye. Katika karne ya 16 na ya 17 mfalme wa Ureno alikuwa akiwapeleka Goa wasichana mayatima, órfãs del-Rei, na dote yao mara nyingi ilikuwa cheo cha serikali ambacho angepewa yule atakayewaoa. Mahari huenda upande ulio kinyume. Kusema kwamba wazee wa Ngao wamelipa dote ni kumfanya baba wa binti awe mlipaji. Makosa hayahaya yamefanywa na Kiingereza cha Kenya kwa miaka mingi, na kwa kuwa wasomi wengi hutoka Kiswahili kwenda Kireno kwa kupitia Kiingereza, wanayabeba.

Ureno ya zamani ilikuwa na neno la upande huo mwingine, yaani arras, mali ambayo mwanamume alimpa mkewe au alimwahidi. Kwa mahari ya Kiislamu, ambayo ni haki ya mke mwenyewe na si ya baba yake, hakuna neno la Kireno lililo karibu zaidi. Bahati mbaya limekufa. Mbrazili akilisoma leo atakumbuka sheria ya mikataba, ambamo arras ni rubuni inayotolewa ili nyumba au shamba lisiuzwe kwa mtu mwingine. Na hakuna binti wa Ngao anayestahili kuandikwa hivyo. Kishika uchumba nacho kisitafsiriwe sinal kwa sababu ileile. Prenda de noivado, zawadi ya uchumba, itatosha.

Lobolo ni neno linalovutia, kwa kuwa limo katika kamusi za Kireno pamoja na kitenzi chake lobolar, na kila msomaji wa Maputo analijua. Ila ni neno la kusini mwa Msumbiji, la watu wanaohesabu ukoo kwa baba. Wamakua na Wamakonde wa kaskazini, wanaohesabu ukoo kwa mama, hawakuwa na desturi hiyo. Tena neno lenyewe lina kovu la siasa. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 FRELIMO ililihesabu lobolo miongoni mwa mila za kupigwa vita, na mwaka 1984 mkutano maalumu wa jumuiya ya wanawake, OMM, ulilijadili pamoja na ndoa za mapema na za wake wengi. Desturi haikufa, na Sheria ya Familia ya mwaka 2004 iliitambua ndoa ya kimila. Msomaji wa Msumbiji anapoliona lobolo hukumbuka mabishano hayo yote, ambayo Ngao haikushiriki.

Kinachobaki ni kuliacha neno mahari kama lilivyo na kulieleza mara moja tu. Jambo dogo litamsumbua mfasiri: Kireno hakikubali jina lisilo na jinsia. O mahari lafaa zaidi kuliko a mahari, kwa kuwa Wareno wanaoandika juu ya Uislamu wamezoea o mahr.

Kupanga na kulazimisha

Sasa yafaa kusemwa juu ya jambo lililo zito kuliko yote. Msomaji wa Ulaya akielezwa kwamba wazazi wamepanga uchumba, neno linalomjia ni casamento arranjado, na nyuma yake kidogo casamento forçado. Haya si mamoja. Katika la kwanza wakubwa wametafuta na kupendekeza. Katika la pili mtu ameingizwa pasipo ridhaa yake. Ureno ilifanya casamento forçado kuwa kosa la jinai mwaka 2015. Afisa wa Lisboa akilikuta neno hilo katika tafsiri ana wajibu wa kuchukua hatua, na huenda binti aliyeridhia mbele ya ukoo wake akajikuta anahojiwa kama mhanga. Kinyume chake nacho ni kibaya, na pengine ni kibaya zaidi: binti asiyeridhia akaandikwa noiva, neno la furaha na pete, na hakuna atakayemuuliza tena.

Arranjado lenyewe lina harufu ya mambo yaliyotengenezwa kwa hila. Combinado pelas famílias au acordado entre as famílias ni matamko yaliyotulia zaidi, kwani yanasema kwamba familia zimekubaliana, na hayahukumu. Casamento de conveniência lisitumiwe hata kidogo. Katika ofisi za uhamiaji ni ndoa ya kughushi kwa ajili ya kupata karatasi.

Swali la ridhaa lina sheria yake pande zote. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka umri wa ndoa kuwa miaka 18 kwa ndoa za kila aina, za kimila na za Kiislamu pia, na imesema kwamba ndoa pasipo ridhaa ya hiari ni batili. Sheria hiyohiyo yasema kwamba ahadi ya kuoana haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara kwa kuvunjwa kwake aweza kudai fidia. Kanuni ya Madai ya Ureno ya mwaka 1966, ambayo ilipelekwa pia Angola na Msumbiji wakati wa ukoloni, ina fikra iliyo karibu sana na hiyo: promessa de casamento hailazimishi ndoa, lakini zawadi hurudishwa na gharama fulani hulipwa. Kwa hiyo barua ya posa ikifika mbele ya mwanasheria, promessa de casamento ndilo jina lake. Tofauti ni kwamba sheria zote mbili zinawaona watu wawili walioahidiana, hali posa ya wazee ni ahadi ya nyumba mbili, na uchumba unapovunjika ni nyumba mbili zinazoacha kusalimiana. Romper o noivado husimulia habari za wale wawili tu. Panapohitajika ya zaidi iandikwe wazi kwamba as famílias desfizeram o acordo.

Na binti akiwa mtoto? Mfasiri hukutana na neno ameposwa juu ya msichana wa miaka 14, na hapo hana haki ya kuandika noiva. Msumbiji yenyewe imetoa mwongozo. Kwa miaka mingi watu waliandika casamento prematuro, ndoa ya mapema. Sheria ya mwaka 2019 ya kuzuia jambo hilo ikaandika união prematura, yaani muungano, kwa hoja kwamba kilichofungwa na mtoto hakistahili kuitwa ndoa. Prometida pelos pais, ameahidiwa na wazazi, pamoja na umri wake kwa tarakimu, ndiyo tafsiri isiyoficha kitu. Inamtaja aliyetenda, na inamwacha mtoto kuwa mtu aliyetendewa.

Barua moja kwa mfano

Ili mambo haya yaonekane yakifanya kazi, hapa pametungwa barua fupi ya namna inayoweza kuandikwa na wazee: Sisi wazee wa nyumba hii tumekuja kumposea kijana wetu binti yenu. Twaomba jiko. Tumeleta kishika uchumba kama ilivyo ada. Mkimuuliza binti naye akaridhia, tafadhali mtupe siku ya kuja kuzungumza mahari.

Kwa Kireno cha Afrika yaweza kuandikwa hivi: Nós, os mais velhos desta casa, vimos pedir a mão da vossa filha para o nosso rapaz. Trazemos uma prenda de noivado, como é costume. Se, depois de consultada, ela consentir, pedimos que nos marquem um dia para tratarmos do mahari, os bens que a família do rapaz entrega.

Sentensi ya kwanza na ya pili za Kiswahili zimeunganishwa kuwa moja, kwa sababu pedir a mão imebeba posa na jiko kwa pamoja. Wazee wamekuwa mais velhos, si velhos. Katika Angola na Msumbiji mais velho ni jina la heshima, na velho peke yake ni kumwambia mtu amechakaa. Vossa ni wingi wa heshima unaofaa Luanda, Maputo na kaskazini mwa Ureno. Brazili ingetaka a filha dos senhores. Maneno depois de consultada yamewekwa kwa sababu Kiswahili kimesema mkimuuliza; kama barua isingesema hivyo, mfasiri asingekuwa na ruhusa ya kuyaongeza, hata kama moyo wake ungependa. Prenda de noivado imebaki, ijapokuwa noivado haujawa, kwani hilo ni jina la zawadi tu. Bali katika maelezo ya mahari imeandikwa família do rapaz, familia ya kijana, wala si família do noivo, kwa kuwa saa barua inaposomwa binti bado hajajibu.